Intaneti Iliyoishia Barabarani

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa na kituo Dar es Salaam. Hadi wakati huo mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa hauna mkongo wa baharini, ilhali upande wa magharibi wa bara ulikuwa na SAT-3 tangu 2002. Kampuni za intaneti za Tanzania zilinunua njia ya setilaiti, ambako megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi, na mzigo ukamwangukia mteja. Baada ya mkongo kufika bei ya jumla ilishuka sana, na mkongo wa EASSy ulipoongezeka mwaka uliofuata, nafasi ikawa tele. Hata hivyo intaneti ya nyumbani, ile ya ruta moja na malipo ya mwezi inayotumiwa na familia nzima, haikwenda kwa kasi hiyo. Wengi husema ni umaskini. Umaskini upo, lakini hautoshi kueleza. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya Mtanzania haikuwahi kuwa shabaha ya mipango ya mawasiliano tangu enzi za simu ya mezani, na kila teknolojia mpya ikajengwa juu ya pengo lile lile.

Nchi zilizotangulia kuunganisha nyumba hazikuanza na mtaro mpya hadi kila mlango. Intaneti ya kasi ilipita kwanza kwenye nyaya za shaba zilizowekwa miaka mingi nyuma kwa ajili ya simu, au kwenye nyaya za televisheni. Tanzania haikuwa na urithi huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, nchi ililazimika kuunda shirika lake la posta na simu, nalo likahudumia kwanza ofisi za serikali, mashirika ya umma na viwanda. Mwananchi aliyeomba simu aliingizwa kwenye orodha, akasubiri miaka. Shirika liligawanywa, kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa, na mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake zikauzwa kwa ubia wa kampuni za kigeni, MSI na Detecon. Wabia hao walilipa dola milioni 60, nusu ya bei waliyotaja awali, na salio likageuka mgogoro. Mkataba uliipa TTCL miaka minne ya kuwa peke yake katika simu ya mezani, kwa matumaini kwamba ulinzi huo ungeiwezesha kujenga. Haikujenga. Laini za mezani zilibaki chini ya 200,000 kwa zaidi ya muongo mmoja, katika nchi ambayo sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Baadaye uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya SaskTel ya Kanada, nayo ikaondoka mapema. Mwaka 2016 serikali ikanunua tena hisa zilizokuwa zimeuzwa. Katika miaka hiyo ya kubadilisha wamiliki na waendeshaji, nyaya za kufika majumbani hazikupata mtetezi.

Leseni za mawasiliano zilipofunguliwa mwaka 2005, kampuni zilijenga minara, na hazistahili lawama kwa hilo: mnara mmoja huhudumia maelfu ya watu bila kuchimba uani kwa mtu. Ndipo linapoibuka pingamizi zito kuliko yote, kwamba Afrika imeruka hatua, simu ya mkononi imemaliza kazi, kwa nini tuililie waya? Simu ya mkononi ilifanya makubwa, hasa katika kutuma fedha. Lakini ilileta pia namna yake ya kuuza: bando la siku, la wiki, lenye kikomo, linalonunuliwa na kila mtu kivyake. Nyumba yenye simu nne hununua bando nne, na mtoto asiye na simu hana kitu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya korona, masomo kwa wanafunzi wengi yalibaki ya redio na televisheni, kama si kukosekana kabisa. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza, malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba serikali ilizisitisha siku hiyo hiyo. Kelele zile zilionyesha jinsi watu walivyokuwa wanategemea mlango mmoja tu.

Serikali nayo ilijenga, tena kwa ukubwa. Mkongo wa Taifa, uliojengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ulivuka kilomita 7,000 na kufika mipaka ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila ulikuwa shina lisilo na matawi: ulifika makao makuu ya mikoa na mipakani, na kipande cha kutoka barabarani hadi ukutani kikaachiwa soko. Soko likaenda Masaki na Mikocheni, mitaa ya wenye nacho Dar es Salaam.

Je, lingeweza kwenda kwingine? Kenya nayo haikuwa na shaba ya kutosha, na njia ya kimataifa ilishikwa na Jambonet ya Telkom hadi 2004. Lakini kampuni za Zuku, kisha Safaricom tangu 2017, zilitundika faiba kwenye nguzo za umeme na kugombania maghorofa ya Nairobi. Kampuni ya Poa ikauza intaneti isiyo na kikomo Kibera na Kawangware kwa shilingi 1,500 za Kenya kwa mwezi, kwa wateja ambao wengine waliwahesabu kuwa hawawezi kulipa. Nakubali kwamba ghorofa lenye milango arobaini ni rahisi kuliunganisha kuliko nyumba za chini za Mbagala, Dar es Salaam. Lakini nyumba ya Uswahilini mara nyingi ina wapangaji sita au saba chini ya paa moja, na Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni tano katika sensa ya 2022. Msongamano wa kuendesha biashara upo.

Wanaosema gharama ya kufika nyumbani haibebeki waangalie umeme vijijini. Kupitia REA, wakala wa nishati vijijini, serikali ilichukua gharama ya nguzo na nyaya, na mwananchi akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Hakuna aliyedai kwamba tochi ya betri imefanya umeme wa nyumbani usihitajike. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao ulitoa ruzuku, lakini kwa minara, na mafanikio yakapimwa kwa kata zenye mawimbi. Ruzuku ya namna ile ile ikielekezwa kwenye kuunganisha nyumba, shule na zahanati, huku nguzo za shirika la umeme, TANESCO, zikifunguliwa kwa kampuni yoyote kwa ada ndogo inayojulikana, mtaro wa gharama kubwa hautahitajika sehemu nyingi, maana nguzo tayari zimesimama mbele ya nyumba.