Kutoka Ruhande hadi Ofisi ya Seli: Historia Fupi ya Chuo Kikuu cha Rwanda na Utumishi kwa Wananchi

Chuo Kikuu cha Rwanda kina tarehe mbili za kuzaliwa. Kisheria kilizaliwa Septemba 2013, serikali ilipounganisha vyuo saba vya umma kuwa kimoja na kuweka makao makuu yake Kigali. Lakini ukiwauliza wazee wa Butare, watakuhesabia kuanzia tarehe 3 Novemba 1963, siku chuo kikuu cha taifa kilipofunguliwa katika mji wao kikiwa na wanafunzi wapatao 50, wachache kuliko darasa moja la shule ya msingi ya leo. Mwandishi huyu anafuata hesabu ya wazee. Na katika hiyo miaka sitini na ushei anafuata jambo moja tu: namna watu waliofundishwa kutawala walivyofundishwa, au walivyokosa kufundishwa, kuwatumikia wale wanaowatawala.

Serikali changa ya Grégoire Kayibanda haikuwa na walimu wa kutosha wa kuendesha chuo, ikawaomba Wadominiko wa Kanada. Aliyetumwa ni Padri Georges-Henri Lévesque, mtu aliyekwisha kujijengea jina kwao. Mwaka 1938 alianzisha shule ya sayansi ya jamii katika Chuo Kikuu cha Laval, mjini Quebec, na wanafunzi wake walikuja kuwa miongoni mwa watu walioibadilisha serikali ya jimbo hilo. Kwa hiyo si ajabu kwamba kati ya vitengo vitatu vya mwanzo pale Butare, pamoja na udaktari na ualimu, kimoja kilikuwa cha sayansi ya jamii. Nchi iliyopata uhuru Julai 1962 ilihitaji maofisa wa kushika ofisi walizoziacha Wabelgiji, na padri aliamini kwamba ofisa mzuri ni yule anayeijua jamii yake kabla ya kuijua sheria.

Imani hiyo ilikuwa nzuri, ila kilima cha Ruhande kilipojengwa chuo kilibaki juu, na wananchi wakabaki chini. Wahitimu walikuwa haba mno. Kwa miaka thelathini ya mwanzo nchi nzima haikupata wahitimu wa chuo kikuu waliozidi sana 2,000. Mwenye shahada alikuwa bwana mkubwa moja kwa moja, anatoka darasani na kuingia wizarani, bila kupita kwenye komini ambako bugumesta, mkuu wa komini, alikuwa akigawa mashamba na kuamua kesi za mipaka. Na mlango wenyewe wa chuo haukuwa wa wote. Mgao wa nafasi kwa kabila na kwa mkoa ulikuwa sera ya serikali, na Februari 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa chuoni kwa orodha zilizobandikwa ukutani. Waliowafukuza walikuwa wenzao wa bweni moja. Hapo ndipo chuo kilipofeli mtihani wake wa kwanza wa utumishi, kabla hata ya kutimiza miaka kumi.

Mwaka uliofuata, chini ya Juvénal Habyarimana aliyeipindua serikali ya Kayibanda Julai 1973, umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijamii, ulifanywa kazi ya lazima ya kila wiki. Makingo ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa, barabara zikalimwa, madarasa yakajengwa. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba huko nako suala la wasomi na jasho liliwahi kuwaka moto. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe. Rwanda haikupata mabishano ya namna hiyo. Amri ilitoka juu ikatekelezwa, na pengine hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mfumo ule ule uliowaita watu kwa kengele ya asubuhi ili wachimbe mitaro ndio uliotumiwa 1994 kuwaita waende kuua.

Kuhusu 1994, historia ya kusherehekea taasisi haina ruhusa ya kupita haraka. Butare ilikuwa na liwali pekee Mtutsi katika nchi nzima, Jean-Baptiste Habyalimana, mhandisi aliyewahi kufundisha chuoni hapo hapo. Mauaji yalipoanza Kigali usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili, yeye aliwakusanya wakuu wa komini, akahimiza doria na kukataza vizuizi vya wauaji, na kwa karibu wiki mbili mkoa wake ukabaki na utulivu kiasi kwamba watu walikimbilia huko kutoka sehemu nyingine. Tarehe 17 Aprili redio ilitangaza kwamba ameondolewa. Tarehe 19 rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, ambaye naye alikuwa mtu wa Butare, alifika kumsimika mrithi na kuwakemea hadharani waliokuwa bado wanasitasita. Mauaji yakaanza. Wanafunzi, walimu na wafanyakazi waliuawa ndani ya chuo na pembeni yake, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo wanafunzi na walimu wenzao. Habyalimana alikamatwa, naye akauawa.

Upande wa pili alikuwapo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mwalimu wa chuo hicho hicho, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikamwachia kifungo cha miaka 30. Wasomi wawili wa taasisi moja, mmoja aliitumia ofisi kuwakinga watu na mwingine aliitumia elimu kuwachochea wauaji. Sijui kama kuna mtaala wa utawala wa umma, Kigali au kwingineko, ulio na somo zito kuliko hilo.

Chuo kilifunguliwa tena Aprili 1995. Madawati yaliibwa, vitabu viliraruliwa, walimu wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Na utumishi ulianza upya, lakini haukuanzia kwenye ofisi ya mkuu wa chuo. Tarehe 20 Oktoba 1996 wanafunzi 12 walionusurika walianzisha AERG, umoja wa wanafunzi manusura wa mauaji ya kimbari. Walifanya jambo ambalo hakuna profesa angelibuni: walijigawa katika familia. Wanafunzi walimchagua mmoja wao kuwa baba, mwingine mama, na hao wakabeba wajibu wa kweli wa kumtafutia mwenzao karo, kumpeleka hospitali akiugua, na kusimama upande wa familia siku ya harusi. Kutoka Butare mpango huo ukasambaa vyuoni na mashuleni nchi nzima. Waliohitimu wakaunda GAERG mwaka 2003, na mwaka 2015 vyama hivyo viwili vilianza kutenga wiki ya kuwakarabatia nyumba wajane na wazee manusura, kusafisha makaburi na kuwashukuru waliowaficha watu 1994. Nikiulizwa utumishi wa jamii katika vyuo vya Rwanda ulizaliwa lini, nitataja familia zile kabla ya waraka wowote wa wizara.

Kigali nayo ilikuwa imeanza kujipatia vyuo vyake. Machi 1996 Profesa Rwigamba Balinda alianzisha Université Libre de Kigali, ULK, chuo binafsi ambacho leo kiko Gisozi. Kilisomesha jioni, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Makarani, wahasibu na maofisa wa serikali waliokuwa wameshika nafasi za waliokufa au waliokimbia walitoka kazini, wakapanda kwenda darasani, wakasoma uchumi, sheria na utawala, na asubuhi wakarudi kukaa mbele ya wananchi wale wale. Hawakuhitaji mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa vitendo ndivyo vilivyowatuma kutafuta mafunzo.

Mwaka 1997 ikaja KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia, ikapewa majengo ya iliyokuwa shule ya maofisa wa jeshi katikati ya Kigali. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Silas Lwakabamba, mhandisi aliyewahi kuongoza kitivo cha uhandisi Dar es Salaam. Kituo chake cha ubunifu kilitazama magereza yaliyofurika watuhumiwa wa mauaji ya kimbari, vyoo vikifurika na misitu ikiishia jikoni, kikajenga mitambo ya biogesi inayogeuza kinyesi kuwa moto wa kupikia. Kuni zilizotumika zilipungua kwa karibu nusu, na mwaka 2005 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ashden mjini London. Walikuwa wahandisi, si watu wa utawala, lakini waliwaonyesha wenzao wa sayansi ya jamii kwamba utafiti wa chuo unaweza kuanzia penye uvundo.

Upande wa utawala, kilichobadilisha mambo kilitoka serikalini. Mei 2000 Rwanda ilipitisha sera ya kugatua madaraka, na Januari 2006 ikachora upya ramani: wilaya 106 zikawa 30, na sekta zilizo chini ya wilaya, 1,545, zikawa 416. Sekta kubwa ilihitaji msomi. Katibu mtendaji, ambaye wakazi humwita gitifu, akawa mtu mwenye shahada anayekaa kilimani, si wizarani. Mwaka huo huo zikaanza imihigo, ahadi za maendeleo ambazo mameya hutia saini mbele ya Rais na kupimwa kwazo mwaka ukiisha. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa utawala wa umma alikuwa na mahali pa kupelekwa akajifunze: ofisi yenye malengo yaliyoandikwa, takwimu za kukusanywa na foleni ya watu mlangoni. Umuganda ulikuwa umefufuliwa 1998 na kupewa sheria yake 2007, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na vyuo vikashiriki pamoja na wakazi wa jirani.

Muungano wa 2013 ulikusanya yote haya chini ya paa moja. Masomo ya utawala na siasa yaliingia katika Koleji ya Sanaa na Sayansi za Jamii, ambayo mizizi yake iko Butare, mji unaoitwa Huye siku hizi. Biashara na uchumi vikakaa Gikondo, Kigali, palipokuwa chuo cha fedha na benki. Muungano wenyewe ulikuwa na misukosuko ya kuhamisha watu na masomo kutoka kampasi moja hadi nyingine, na sitaki kuichosha karatasi kwa hayo.

La kukumbukwa zaidi mwaka huo ni mikopo. Serikali iliifunga mikopo ya wanafunzi na madaraja ya ubudehe, yaani ngazi za umaskini ambazo wanakijiji wenyewe walizipanga mkutanoni. Ubudehe ulikuwa mpango wa kujivunia, uliopewa tuzo ya utumishi wa umma na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Ghafla kijana aliyesoma nadharia za utawala kwa miaka miwili akagundua kwamba mstari mmoja katika daftari la kijiji chake, ulioandikwa labda kwa haraka au kwa upendeleo, ndio unaoamua kama atarudi chuoni. Malalamiko yalikuwa mengi, orodha zikapitiwa upya, na baadaye utaratibu huo ukaachwa. Hakuna mafunzo kwa vitendo yaliyowahi kuwafundisha wanafunzi wa Rwanda uzito wa kalamu ya ofisa mdogo kama hayo.

Mwaka 2013 ndio pia ulioanza urugerero, utumishi wa vijana wanaomaliza sekondari kabla ya kuingia chuo kikuu, chini ya Itorero, shule ya jadi ya maadili iliyofufuliwa 2007. Vijana hujenga nyumba za wasiojiweza na bustani za mboga, huhamasisha watu kulipa mituweli, bima ya afya ya jamii, na wengine hukaa katika ofisi za seli, ngazi iliyo chini ya sekta, kusaidia kuorodhesha wakazi na kupokea wenye shida. Kwa hiyo anayeanza leo kusoma utawala wa umma huenda tayari ameshaona mama aliyetembea kilomita kadhaa kufuata mhuri akaambiwa gitifu yuko mkutanoni. Wanafunzi wa Lévesque hawakupitia hilo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo sherehe hazipendi kulisema. Utumishi wa jamii Rwanda unatembea karibu sana na serikali. Anayepeleka wanafunzi kwenye sekta, anayewapokea na anayewapimia kazi wote wanategemea alama za imihigo, na mwanafunzi anayekuta kwamba choo kilichoandikwa kimekamilika bado ni shimo anajua ni taarifa ipi itakayomfurahisha msimamizi. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo ilipoanza kuwapa watathmini wa nje kazi ya kupima imihigo, wakiwamo watafiti wa IPAR, taasisi ya Kigali iliyoanzishwa 2008. Lakini mtathmini hufika mara moja kwa mwaka, ilhali mwanafunzi hukaa pale miezi. Yeye ndiye angeweza kuwa jicho la wananchi, kama angehakikishiwa kwamba ukweli hautamgharimu cheti.

Basi ombi ni kwa wakuu wa chuo. Ripoti za wanafunzi wanaotoka wilayani na kwenye sekta zisifungiwe kabatini. Zisomwe mbele ya wakazi wa sekta husika, gitifu akiwapo ajibu. Mwanafunzi aandikiwe kinga katika kanuni za chuo pale anaporipoti kasoro. Na kazi ya liwali Habyalimana wa Butare, aliyekataa amri kwa karibu wiki mbili, ifundishwe mwaka wa kwanza kwa kila anayesomea utawala wa umma, kabla hajafundishwa kuandika bajeti.