Swali Moja Katika Fomu ya Mkopo

Kati ya Tarime na Serengeti liko bonde la Mto Mara, ambako kwa miaka mingi bangi imelimwa kwa kificho. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017, imefyeka na kuchoma mashamba huko. Wakulima hao wana watoto shuleni. Je, kijana aliyewahi kuhukumiwa kwa bangi anyimwe fedha za kusomea chuo kikuu?

Marekani waliwahi kusema anyimwe. Sheria yao ya mwaka 1998, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, iliweka swali hilo katika fomu ya kuomba msaada wa serikali. Aliyepatikana na hatia ya kuwa na dawa za kulevya alikosa msaada mwaka mmoja; akirudia, miaka miwili; mara ya tatu, bila kikomo. Muuzaji alianzia miaka miwili. La ajabu, aliyefungwa kwa kuua hakuulizwa swali kama hilo. Na mtoto wa tajiri hakuhitaji fomu, baba alilipa ada yakaisha. Mwaka 2006 walilegeza, adhabu ikabaki kwa aliyetenda kosa akiwa tayari anapokea msaada. Sheria ya Desemba 2020 ikaliondoa kabisa sharti hilo.

Tusiwacheke. Sisi nasi tuliwahi kupima tabia, na uamuzi ulitoka mkoa huohuo wa Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Chuo kikuu wakati ule kiligharamiwa na serikali, lakini kwa Azimio la Musoma kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema, wasomi wasijitenge na wakulima. Ila mapendekezo huandikwa na binadamu, na binadamu ana rafiki na ana hasimu. Baadaye utaratibu ule uliachwa.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hutazama mambo kama uraia, udahili na uhitaji wa mwombaji. Nadhani ndivyo inavyopasa.

Lakini kwa watu wa bonde la Mara hukumu huingia kwa mlango wa nyuma. Kulima bangi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Baba akifungwa, binti yake si yatima. Hana cheti cha kifo cha kuambatisha kwenye maombi. Shamba limefyekwa, mama anahangaika peke yake na wadogo zake, na kwenye karatasi familia ina wazazi wawili walio hai. Afisa aliye mbali atajuaje? Mtendaji wa kijiji anaijua kaya hiyo. Na nakala ya hukumu ya baba ina mhuri wa mahakama. Kwa maoni yangu, ipewe uzito uleule wa cheti cha kifo pale uhitaji wa binti huyo unapopimwa.