Edwin Swales, rubani aliyebaki kwenye usukani

Jioni ya Februari 23, 1945, ndege za mabomu 367 za Uingereza aina ya Lancaster, pamoja na Mosquito 13, zilifika juu ya Pforzheim, mji wa masonara na mafundi saa kusini magharibi mwa Ujerumani. Aliyekabidhiwa kuliongoza shambulio hilo alikuwa Kapteni Edwin Swales wa Afrika Kusini, umri miaka 29.

Kiongozi wa shambulio hakudondosha mabomu akageuza. Alizunguka juu ya shabaha muda wote wenzake wakipiga, akiwaelekeza kwa redio ni alama ipi ya moto waifuate na ipi waiache. Ni kazi iliyomweka mtu machoni pa adui kuliko rubani mwingine yeyote.

Swales alizaliwa Inanda, Natal, mwaka 1915, akasoma Durban, akaajiriwa benki. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alikuwa askari wa nchi kavu katika Natal Mounted Rifles, kikosi kilichopitia Kenya kwenda kuwatimua Waitalia Uhabeshi. Urubani aliuanza 1942, na baadaye akaazimwa na jeshi la anga la Uingereza, kikosi nambari 582.

Usiku ule ndege ya kivita ya Wajerumani ilimvamia akiwa juu ya mji. Injini moja ikafa, matangi ya mafuta yakatobolewa, bunduki za mkiani zikanyamaza. Akaendelea kutoa maelekezo. Adui akamrudia, injini ya pili ikaenda. Hakuondoka mpaka aliporidhika kwamba kazi imekamilika.

Njiani kurudi, vyombo vya kumwongoza rubani gizani havikufanya kazi tena. Wakaingia kwenye mawingu yenye msukosuko, na ndege ikazidi kuwa ngumu kushika. Walipokwisha kuvuka mstari wa mapigano, aliwaamuru wenzake saba waruke kwa miavuli. Mtu ilimbidi aishikilie ndege wakati wao wanatoka, na mtu huyo alikuwa yeye. Mara tu wa mwisho aliporuka, ndege ilianguka kaskazini mwa Ufaransa, karibu na Valenciennes. Swales alikutwa amekufa kwenye usukani. Wote saba walipona. Alizikwa Leopoldsburg, Ubelgiji, na Aprili mwaka huohuo akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Wanaomsifu mara nyingi huishia hapo. Lakini shambulio alilolisimamia lilichukua dakika 22 tu, likaua zaidi ya watu 17,000, wengi wao raia, na kuuteketeza karibu mji mzima.

Durban waliipa barabara kubwa jina lake. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, barabara hiyo ikaitwa Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. Wasomaji wa Morogoro wanalijua jina hilo: ndilo la shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyokuwa Mazimbu, mkoani humo.

Kwangu mimi, Durban ilitenda haki. Mahlangu aliifia nchi ambayo ilimnyima hata kura. Hata hivyo, kibao kipya hakimpunguzii Swales deni analozidai familia za watu saba. Atajwe, na kila anapotajwa, wafu wa Pforzheim watajwe pamoja naye.