Deni la Mungu na Deni la Jirani

Ukishuka kwenye treni kituo cha Victoria Park, mashariki mwa Toronto, unaweza kufika Crescent Town bila kukanyaga theluji. Ipo njia ya juu iliyoezekwa inayokutoa kituoni hadi kwenye maghorofa. Jioni hujaa watu: akina mama wa Kibangladeshi na mifuko ya mboga, watoto wa shule, wafanyakazi wanaotoka zamu. Waislamu ni wengi mtaa huu, na Mkristo wa Afrika Mashariki aliyepanga hapa husikia mambo ya toba na radhi kutoka kwa majirani karibu kila Ramadhani. Kinachonivutia ni kwamba yale anayoyasikia kwenye lifti yanafanana zaidi na maneno aliyoyaamini babu yake kuliko anayoyasikia siku hizi kanisani.

Babu huyo, kama alitoka Kigezi, Bukoba au Kabete, huenda alikuwa mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo na kutoka hospitali ya Gahini, Rwanda, moto ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930, ukibebwa na kiitikio cha Kiganda, Tukutendereza. Ndugu waliookoka waliamini kwamba damu ya Yesu imefuta dhambi zote bure. Lakini walipoamka hawakukaa kimya na furaha yao. Walitubu mbele ya watu, wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Wamisionari nao walisimama wakaungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika miaka ya ukoloni halikuwa dogo. Kutembea nuruni, kama walivyokuita wenyewe, kulikuwa na gharama, na mara nyingi gharama hiyo ilikuwa ya pesa taslimu.

Sasa msikilize jirani Mwislamu. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii wa karne ya 13 ambaye Riyadhus-Salihin yake inasomwa pwani yetu mpaka leo, anaeleza kwamba toba ya kosa lililo kati ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likimgusa mwanadamu, sharti la nne linaongezeka: haki irudishwe kwa mwenyewe, au mwenyewe aombwe radhi. Ndiyo maana mazikoni Mombasa au Unguja jamaa wa marehemu husimama na kutangaza: anayemdai ajitokeze, tulimalize. Rehema ya Mungu haitiliwi shaka hata kidogo pale. Ila haki ya mja inabaki kuwa ya mja, na mwenye kuiachilia ni yeye.

Mkristo atajibu upesi kwamba kwetu neema ni bure. Kweli, na hapo ndipo njia zinapoachana: Mkristo haanzi na masharti bali na msalaba, na toba yake ni jibu kwa msamaha uliokwisha kumfikia. Tofauti hiyo ni ya msingi na sioni faida ya kuipaka rangi. Lakini mfano wenyewe tunaoupenda kuuhubiri, ule wa mtumwa asiye na huruma katika Mathayo 18, hausemi kwamba deni la jirani ni upuuzi. Mtumwa yule alisamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni lake kwa mfalme halikulipika hata angeishi mara elfu. Mwenzake alidaiwa dinari 100. Wahubiri hupenda kuzifanyia mzaha dinari hizo, kana kwamba ni chenji ya daladala. Hesabu basi: ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Kwa mtu wa Crescent Town anayefanya kazi ghalani, miezi mitatu ni kodi ya nyumba, chakula cha watoto na pesa ya kumtumia mama kijijini. Yesu alichagua deni linalouma. Na katika Mathayo 5, sura isiyonukuliwa sana inapofika zamu ya mkosaji, mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake anaambiwa aiache palepale, aende kwanza kwa ndugu mwenye kinyongo naye.

Wahabeshi wenye mikahawa kwenye barabara ya Danforth, magharibi kidogo ya Crescent Town, wana njia ya katikati. Katika kanisa lao la Orthodoksi, muumini huwa na padri wake wa roho, mara nyingi wa familia nzima. Huyo humsikiliza maungamo, humpa kitubio, na watu wakigombana naye huwa mmoja wa wapatanishi. Mkosaji hawezi kumwambia kwamba ameshamalizana na Mungu, hadithi imekwisha, kwa sababu padri huyohuyo anamjua na aliyekosewa.

Kwetu hadithi hiyo inasikika mno. Mtu amekula pesa ya chama ilipofika zamu ya mwenzake kupokea, na Jumapili anatoa ushuhuda kwamba Bwana amemtua mzigo. Mama aliyedhulumiwa ameketi kiti cha tatu. Akinung'unika, ataitwa mwenye uchungu wa moyo, aombewe. Nasema wazi kwamba huu si msamaha wa Kikristo. Ni deni lililohamishwa kutoka mfuko wa mkosaji kwenda dhamiri ya aliyekosewa.

Kanada yenyewe ina kisa kinacholipinga jambo hilo, na kina uhusiano na udongo wa mtaa huu. Kabla ya maghorofa, Crescent Town ilikuwa sehemu ya shamba la ng'ombe wa maziwa la Walter Massey, wa ukoo tajiri wa mashine za kilimo, Wamethodisti wakubwa. Mwaka 1925 Wamethodisti waliungana na Wakongregesheni na Wapresbiteri wengi kuunda United Church of Canada. Makanisa hayo yaliendesha baadhi ya shule za bweni walimopelekwa watoto wa wenyeji wa asili, wakavuliwa lugha na desturi zao. Agosti 1986, mjini Sudbury, United Church iliwaomba msamaha wenyeji hao kwa kuwaletea Injili iliyochanganywa na utamaduni wa Kizungu. Wazee wa wenyeji walipokea ombi, wakashukuru, lakini hawakulikubali. Mwaka 1988 jibu lilikuwa lilelile: tumelisikia, tutatazama matendo. Rundo la mawe lililojengwa Sudbury kama ukumbusho liliachwa makusudi bila kumalizika. Mwaka 1998 kanisa likarudi na ombi la pili, safari hii likizitaja shule za bweni kwa jina.

Wapo watakaowaona wazee wale kuwa wagumu wa moyo. Mimi naona walilifundisha kanisa Mathayo 5. Hawakutukana, hawakuondoka mezani. Walikataa tu kuisaini risiti kabla mzigo haujafika.

Rwanda, nyumbani kwa Gahini, nako hakuachi mtu ajivune. Uamsho ulizaliwa pale, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, majirani waliwaua majirani, wengine waliokuwa wamejificha makanisani. Mahakama za vijiji za gacaca, zilizohukumu mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, zilimpunguzia adhabu aliyeungama na kuomba msamaha. Bila maungamo hayo wajane wengi wasingejua waume zao wamezikwa wapi. Lakini ungamo linalopunguza kifungo lina harufu ya biashara, na mjane alilazimika kulisikiliza mbele ya kijiji. Hata uamsho wa zamani ulikuwa na kasoro ya namna hiyo: mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi shuhuda za hadharani zilivyovuruga familia, maana anayeungama uzinzi wake humwanika na mwingine.

Upande wa pili wa mizani yuko Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mtoto wa uamsho uleule. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe Mera walitoroka kwa miguu usiku, wakavuka milima hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, aliona kwamba chuki yake kwa Amin inamla, akamsamehe, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin. Amin hakuomba kitu na hakurudisha kitu.

Kivengere hunukuliwa sana na wanaotaka aliyeumizwa asamehe haraka na kunyamaza. Wanasahau mambo mawili. Hakuna aliyemshurutisha, mkosaji hakuwa amekaa kiti cha mbele akingoja kupongezwa. Tena hakunyamaza: aliendelea kuwaambia walimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na hakurudi nyumbani Kabale, Kigezi, mpaka mwaka 1979, Amin alipokwisha kuangushwa.