Tarihi ya Moduli

Mtaa wa Nyawera, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, hujulikana kwa soko lake kuliko kwa kompyuta; walakini kijana wa hapo anayejifunza kuandika programu, ambaye umeme humkatikia kazini na intaneti huinunua kwa kipimo, anastahili kuijua tarihi ya desturi iliyomfungulia mlango wa ustadi huo, nayo ni desturi ya kuunda moduli, yaani kipande cha programu kinachoongezwa katika programu kubwa, na kuijaribu bila ya kukompaili mradi mkuu.

Hapo awali programu kubwa aghalabu ilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na aliyetaka kuiongezea jambo dogo ilimlazimu kupata matini yake yote, kuyakompaili, yaani kuyageuza upya yawe lugha ya mashine, kisha kungoja. Hali hiyo ikaja kubadilika: Linux, kiini cha mfumo endeshi, iliyozuka mwaka 1991, ilianza kupokea moduli zinazopakiwa ilhali mashine inafanya kazi karibu na toleo lake la 1.2 la mwaka 1995. Na mwaka 1998 seva ya wavuti ya Apache, katika toleo la 1.3, iliwapa mafundi chombo kiitwacho apxs, ambacho kwacho moduli hutengenezwa pasipo kuikompaili upya seva yenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, hata hivyo, ulitoka katika tiba. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana vilishirikiana kuanzisha mnamo 2001 mfumo wa kuhifadhi taarifa za wagonjwa; lakini maradhi ya UKIMWI yalipozidisha idadi ya wanaotibiwa, mfumo ule haukutosha tena, ndipo mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Indiana, pamoja na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, wakaasisi mfumo mpya wa taarifa za wagonjwa, OpenMRS, ambayo Februari 2006 ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu, nchini Rwanda, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi.

Kwa kuwa hospitali ya nchi moja haina fomu wala taratibu za nchi nyingine, kiini cha OpenMRS kiliachwa kiwe cha wote, na mahitaji ya kila mahali yakawekwa katika moduli. Hapa ndipo ninapoiona hekima kubwa ya kazi ile. Fundi hutaja toleo la kiini analolihitaji, na chombo kiitwacho Maven humpakulia maktaba zilizokwisha kukompailiwa, kikazihifadhi katika diski, hata kesho yake aweza kuendelea bila intaneti kabisa. Na anapojaribu kazi yake, hifadhidata ndogo yenye wagonjwa wa kubuni huundwa ndani ya kumbukumbu ya mashine, ikatoweka jaribio likiisha, pasi na kumgusa mgonjwa yeyote wa kweli. Moduli iliyokamilika huwa faili moja, ambayo msimamizi huiingiza katika mfumo uliokwisha kusimikwa.

Sharti moja limebaki gumu. Moduli iliyofaulu kwa toleo moja la kiini yaweza kushindwa kwa jingine, kwa hiyo kila moduli hutangaza toleo inalolitaka, na kiini kilicho cha zamani zaidi hukataa kuianzisha. Na mafundi waangalifu huigawa moduli yao katika vijisehemu, kila kimoja kikikompailiwa na kujaribiwa kwa toleo lake.