Uuzaji wa nyumba Itumbe: Jinsi ya kupima ofa za wanunuzi kabla ya kukubali bei

ANAYEUZA nyumba Itumbe, eneo la wakulima wa majani chai katika Kaunti ya Kisii, aghalabu huuza zaidi ya kuta na mabati. Pamoja na nyumba huenda ardhi iliyo chini yake, migomba, mikaratusi na mara nyingi mashina ya chai. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote, na ikishauzwa kwa makosa ni vigumu kuirejesha.

Wauzaji wengi hudhani kuwa kazi yao ni kumpata mtu atakayetaja bei ya juu kabisa. Hata hivyo, ofa nzuri huwa na mambo manne: kiasi cha pesa, njia ya malipo, muda wa kukamilisha na masharti aliyoweka mnunuzi. Bei ya juu inayolipwa vipande vipande kwa miaka miwili yaweza kuwa duni kuliko bei ya wastani inayolipwa kwa miezi mitatu.

Kabla ya kuzungumza na mnunuzi

Muuzaji hana budi kujua bei mbili kabla ya mazungumzo kuanza: bei atakayoitangaza, na bei ya chini kabisa ambayo hatashuka zaidi yake. Hii ya pili ni siri yake na ya mwenzi wake. Haifai kuambiwa dalali, kwa sababu dalali hulipwa biashara inapokamilika na huenda akaona ni rahisi kumshusha muuzaji kuliko kumpandisha mnunuzi.

Njia ya kuaminika ya kupata bei hizo ni kumwajiri mthamini aliyesajiliwa, na kulinganisha na mauzo yaliyokamilika karibuni katika eneo hilo hilo. Bei ya ploti katika mji wa Kisii si kipimo cha shamba la Itumbe.

Stakabadhi nazo ziwe tayari. Mnunuzi makini ataomba ukaguzi rasmi wa rejista katika afisi ya usajili wa ardhi ili aone jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na iwapo kuna rehani au kizuizi. Ikiwa hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, hakuna ofa inayoweza kukubaliwa mpaka utaratibu wa urithi mahakamani ukamilike. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa.

Isitoshe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahitaji ridhaa ya mume na mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Mnunuzi akigundua katikati ya mazungumzo kwamba mke hajashauriwa, atajiondoa au atatumia kasoro hiyo kushusha bei.

Ofa tatu, hesabu tatu

Chukulia mfano wa muuzaji anayetaka shilingi milioni 3.2, ambaye hatashuka chini ya milioni 2.75, na ambaye anadaiwa na benki shilingi 900,000 kwa rehani ya nyumba hiyo.

Mnunuzi wa kwanza yuko ng'ambo, tuseme Minnesota, Marekani, ambako wanaishi Wakenya wengi wenye asili ya Kisii. Ameahidi milioni 3.1, lakini atalipa 600,000 sasa na salio kwa miezi 18. Wa pili ni mwalimu mwenye mkopo uliokwisha kuidhinishwa, naye ametoa milioni 2.9 zitakazolipwa kwa siku 90. Wa tatu ana milioni 2.6 katika akaunti na yuko tayari kulipa mwezi huu.

Ofa ya kwanza ndiyo kubwa kwa tarakimu. Lakini 600,000 hazitoshi kulipa deni la benki, na benki haitaachilia hatimiliki kabla ya kulipwa. Ofa ya tatu ni ya haraka ila iko chini ya kiwango cha mwisho. Ofa ya pili ndiyo inayostahili kujadiliwa kwanza, mradi muuzaji aone barua ya mkopesha inayothibitisha mkopo.

Hii haimaanishi kuwa wengine wawili wafukuzwe. Wa kwanza aweza kuulizwa kama anaweza kuongeza malipo ya mwanzo hadi yatoshe kuondoa rehani, na kupunguza muda hadi miezi sita. Wa tatu aweza kuambiwa kwa upole kwamba kuna ofa iliyo juu ya yake. Jambo hilo lisemwe tu ikiwa ni kweli, kwani kumdanganya mtu ili atie saini ni sababu ya mkataba kubatilishwa.

Kujibu anayeshusha bei

Wanunuzi hushusha bei kwa kutaja dosari: barabara huteleza wakati wa mvua za masika, mpaka na jirani haueleweki, umeme haujafika, au paa linavuja. Si busara kukasirika wala kukubali papo hapo. Kila dosari itafutiwe gharama yake. Ikiwa fundi asema paa litarekebishwa kwa shilingi 60,000, hiyo ndiyo punguzo la haki, wala si 300,000.

Kanuni nyingine ni kutoshuka bure. Muuzaji akipunguza bei, naye apate kitu: malipo ya mwanzo yaongezwe, muda upunguzwe, au mnunuzi agharimie upimaji wa ardhi. Kila hatua ya kushuka iwe ndogo kuliko iliyotangulia, ili mnunuzi atambue kwamba kikomo kinakaribia. Jibu liandikwe na liwe na tarehe ya mwisho, kwa mfano siku saba, ili ofa isining'inie.

Jamaa na majirani ni wanunuzi wa aina ya pekee. Ni jambo la heshima kuwajulisha mapema, na jirani aweza kulipa zaidi kwa kuwa shamba linaungana na lake. Lakini mapatano ya undugu nayo yaandikwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya Itumbe yasiyofaa kusahauliwa

Kwanza ni majani chai. Mkulima anayeuza majani kupitia KTDA hupokea malipo ya kila mwezi na kisha bonasi baada ya mwaka wa hesabu unaokamilika Juni 30. Shamba likiuzwa Agosti, ni nani atapokea bonasi ya majani yaliyochumwa kabla ya hapo? Je, hisa za muuzaji katika kampuni ya kiwanda zinauzwa pamoja na shamba au zinabaki zake? Maswali haya yajibiwe katika mkataba.

Pili ni makaburi. Familia nyingi huzika wapendwa wao nyumbani. Muuzaji aonyeshe makaburi yalipo, na wakubaliane kama sehemu hiyo itabaki nje ya mauzo au familia itaruhusiwa kuyazuru. Kulificha jambo hili huzaa uhasama.

Tatu ni njia na maji. Mashamba yamegawanywa kuwa membamba kadiri vizazi vinavyorithi, na baadhi ya nyumba hufikiwa kwa kupita kwa jirani. Ikiwa nyumba inauzwa pamoja na kipande tu cha shamba, itabidi mpima ardhi aligawe na ugawaji huo uidhinishwe kabla ya hatimiliki mpya kutolewa. Muda na gharama ya kazi hiyo ni sehemu ya mazungumzo.

Hatari ya miezi sita

Hapa ndipo wengi huumia. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi (Sura ya 302), mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo husika, na ombi la idhini lapasa kuwasilishwa ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Mahakama yaweza kuongeza muda huo kukiwa na sababu za kutosha.

Muda ukipita, au bodi ikikataa, mnunuzi ana haki ya kudai pesa alizolipa kama deni. Muuzaji aliyekwisha kuzitumia kulipa karo au kununua ploti kwingine hujikuta na shamba asiloweza kukabidhi na deni asiloweza kulipa. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kanuni za usawa zaweza kumlinda mnunuzi hata pale idhini ilipokosekana, lakini hakuna haja ya kutegemea kesi ya miaka mingi ilhali ombi lingewasilishwa mapema.

Kwa sababu hiyo, anayeuza shamba asikubali ofa yoyote isiyotaja tarehe ya kwenda mbele ya bodi. Mwenzi wa ndoa na watoto waliokomaa wawe tayari kuhudhuria, kwani bodi huwa zinataka kusikia kauli ya familia.

Mkataba, malipo na kodi

Tangu Juni 1, 2003, sheria ya mikataba inahitaji makubaliano ya uuzaji wa ardhi yaandikwe, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Kupeana mikono mbele ya wazee ni desturi njema lakini hakutoshi mahakamani.

Masharti ya kawaida ya Chama cha Mawakili nchini (LSK) ni malipo ya mwanzo ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Pande zote zaweza kukubaliana vinginevyo. Ni salama malipo hayo yawekwe kwa wakili hadi idhini ipatikane. Muuzaji asipokee pesa za wanunuzi wawili kwa wakati mmoja.

Mnunuzi akitumia mkopo, mkopesha hulipa baada ya uhamisho kusajiliwa. Basi wakili wa muuzaji adai kwanza ahadi ya maandishi ya benki au ya wakili wake kwamba pesa zitalipwa. Bila ahadi hiyo, hati za uhamisho zisitolewe. Aidha, muuzaji ajihadhari na mnunuzi anayetoa hundi moja ya kiasi kikubwa: tangu mwaka 2009 hundi zinazopitishwa baina ya benki hazizidi shilingi milioni moja. Pesa nyingi zaidi hutumwa moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti, na muuzaji athibitishe kwa benki yake kwamba zimeingia.

Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mijini. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni ya muuzaji, na tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kuna misamaha, ukiwemo wa nyumba ambayo mmiliki ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Afaa kuuliza KRA au mhasibu kabla ya kukubali bei, ili ajue atakachobaki nacho mkononi.

Baadhi ya wanunuzi hupendekeza bei ndogo iandikwe katika mkataba ili ushuru upungue, na salio litolewe kando. Pendekezo hilo likataliwe. Ni ukwepaji wa ushuru, mthamini wa serikali hukadiria thamani mwenyewe, na salio lisilolipwa haliwezi kudaiwa kwa urahisi kwa kuwa halimo katika maandishi.

Muuzaji aliyejua kikomo chake, akapima ofa kwa mizani yote minne na kumshirikisha wakili kabla ya kutia saini, hata akipokea bei iliyo chini kidogo ya aliyoitarajia, pesa zake zitakuwa zake kweli.