Minada ya intaneti na soko la Yeoville

Afrika Kusini ilianza mapema biashara ya mtandaoni. Duka la Kalahari.net lilifunguliwa mwaka 1998, na mnada wa bidorbuy ukafuata mwaka 1999. Takealot ilizinduliwa mwaka 2011, ikaungana na Kalahari mwaka 2015. Amazon ilifungua duka lake la mtandaoni nchini humo mwaka 2024.

Hata hivyo, mtaani Yeoville, Johannesburg, Wakongo wameendelea kuuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu katika soko la Rockey Street. Mnunuzi wa mtandaoni kwa kawaida huhitaji kadi ya benki, na wakimbizi wengi wamepata taabu kufungua akaunti kwa sababu ya vibali vyao. Kwao, fedha taslimu na maelewano ya ana kwa ana ndiyo njia iliyo wazi.